Kosa au Kusudi? Ukipewa Biti Isiyokamilika Uisikilize

Kijana mmoja wa huku Kampala aliniletea biti yake nyumbani jioni moja, kwenye laptopu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili kioo kisiachane na kiwiliwili. Alikuwa ameijenga juu ya ngoma za kadodi alizozirekodi kwa simu kule Mbale msimu wa imbalu, sherehe za tohara ambazo Wagisu huzifanya katika miaka ya namba shufwa. Ngoma zile zilitangulia kidogo, kila pigo likiingia kabla ya wakati wake, kama mtu anayewahi basi. Chini yake aliweka besi nzito ya elektroniki, na juu sauti moja kali iliyopanda na kushuka. Nilisikiliza dakika mbili nikamsimamisha. Nikamwambia mapigo yamekwenda upande. Programu yake ina kitufe cha kuyavuta yakae sawa kwenye mistari, kwa hiyo ayanyooshe kwanza ndipo tuongee. Akajibu, "Kale, mzee," yaani sawa, akaenda zake.

Siku ya nne akarudi. Kila pigo lilikuwa mahali pake na biti ilikuwa imekufa. Kilichokuwa kikininyanyua bega bila ya mimi kujua, siku ile nilipokuwa nimekaa na ukosoaji wangu, kilikuwa ni kule kutangulia kwenyewe. Nikamwomba afungue lile toleo la kwanza. Halikuwepo. Alikuwa amehifadhi la pili juu yake.

Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililoniketisha niandike haya. Wengi wetu hatufundishwi namna ya kuisikiliza kazi ya mwenzetu kabla haijakwisha. Tunafundishwa kusifu na tunafundishwa kukosoa. Katikati ya hayo mawili kuna kazi ngumu zaidi: kutambua kama unachokisikia ni kosa ambalo mwenyewe hajaliona, au ni kusudi ambalo wewe hujalielewa.

Hapa Kampala hatari ya kuchanganya hayo mawili ni kubwa. Katika miaka kumi hivi iliyopita, upande wetu huu wa dunia umetoa muziki wa elektroniki ambao mshauri mwenye haraka angeurudisha wote na alama nyekundu. Chukua Sounds of Sisso, mkusanyiko uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapa mjini. (Msomaji wa pwani atashtushwa na jina hilo. Kwa Kiganda husemwa juu ya hamu ya kucheza inayompanda mtu ghafla, na tamasha lenye jina hilo lilianza Jinja, kwenye Mto Nile, mwaka 2015.) Mkusanyiko ule ni singeli ya Mburahati, Dar es Salaam, inayopita mapigo 200 kwa dakika, wakati sehemu kubwa ya muziki wa klabu duniani inatembea kwenye 120 au 130. Mwaka huohuo lebo hiyo ilitoa Gulu City Anthems ya Otim Alpha, mwimbaji wa harusi kutoka Gulu. Yeye na prodyuza Leo PaLayeng walizichukua nyimbo za harusi za Waacholi na mwendo wa larakaraka, unaopigwa kwa vibuyu vilivyokatwa nusu, wakauingiza kwenye kompyuta na kuupeleka mbio. Naye Brian Bamanya, anayejulikana kama Afrorack, alijiundia sinthesaiza kwa mikono yake mwenyewe hapahapa Kampala, na mwaka 2022 ikatoka albamu nzima iliyozaliwa na mashine hiyo. Inakoroma, inakwaruza, inapotea njia na kurudi. Fikiria mtu aliyekaa nayo katika wiki zake za mwanzo, akamwambia kwa nia njema kabisa: isafishe.

Kwa hiyo anza polepole. Waganda wana salamu ambayo Waswahili tungefaidika kuiazima. Sisi tukimkuta mtu kazini tunampa pole. Wao humwambia "Gyebaleko", yaani ahsante kwa kazi, awe anachimba mtaro au anashona gauni. Hawangoji kazi iishe wala hawaikagui kwanza. Mtu aliyekuletea biti ambayo haijakamilika amekupa kitu ambacho wengi huficha, kwa hiyo mshukuru kabla hujabonyeza chochote, na shukrani hiyo usiichanganye na sifa. Ukiwahi kusema "ni kali sana" kabla hujasikia, atajua kwamba maneno yako ni ya bure, na yale ya baadaye pia atayapima hivyohivyo.

Kisha muulize ipo hatua gani. Lupu ya sekunde 30 ambayo bado ni wazo, biti iliyokwisha kupangwa mwanzo hadi mwisho, na biti iliyofika kwenye miksi ni vitu tofauti na kila kimoja kina maneno yake. Nguo ambayo haijashonwa haipigwi pasi. Nimewaona watu wakijadili mwangwi wa kofi moja kwa nusu saa, katika biti ambayo mwenyewe hajui itaishia wapi. Jadili kwanza kama wazo lina uhai, kisha kama safari yake inakwenda, ndipo mje kwenye usafi wa sauti. Ikiwa hatua ni ya mwanzo na umesikia kasoro ya miksi, iandike pembeni uiweke. Huenda sehemu hiyo yenyewe itaondolewa.

Muulize pia itachezewa wapi. Biti ya harusini, ya klabu ya Kabalagala, ya spika za taksi ya kwenda Ntinda na ya masikioni mwa mtu aliyejilaza haziwezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Halafu muulize ni wapi panapomsumbua. Mara nyingi anapajua. Mara nyingi pia panapomsumbua yeye sipo ulipokuwa ukienda kupaparua wewe, na swali hilo dogo linaokoa jioni nzima.

Kama mko mbali, mwambie asikurekodie biti kwa ujumbe wa sauti mbele ya spika. Utakuwa unasikiliza chumba chake na jogoo wa jirani. Najua data ni pesa. Dakika tano za faili la WAV la kawaida ni kama megabaiti 50, na dakika hizohizo kwa MP3 ya ubora wa juu ni kama megabaiti 12. Kwa kusikiliza wazo na mpangilio hiyo MP3 inatosha kabisa. Faili kubwa lingoje siku ya kuzungumzia miksi.

Ukishaipata, isikilize mara ya kwanza mfululizo, bila ya kusimamisha. Mimi nilisimamisha kwenye dakika ya pili, na mpaka leo sijui dakika ya tatu ilikuwa na nini. Geuza uso usitazame kioo cha kompyuta. Macho ni wambea: yanaona kipande kikubwa kinakuja na kuliambia sikio lishtuke mapema, au yanaona sehemu iliyorudiwa mara nane na kukuambia umechoka kabla hujachoka. Simu iweke chumba kingine. Mara ya pili shika kalamu, andika dakika na sekunde, na mbele yake andika kilichokutokea wewe: hapa niligeuka, hapa nilitaka kuongeza sauti, hapa nilianza kuwaza kodi ya nyumba. Usiandike dawa bado.

Orodha hiyo ndiyo zawadi utakayompa, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho yeye hawezi kukipata mwenyewe. Ameisikia biti yake mara mia nne na hawezi tena kuisikia kwa mara ya kwanza. Ukimwambia "katikati inachosha", umempa hukumu na hajui aipeleke wapi. Ukimwambia "kuanzia 1:20 hadi 2:10 sikusikia kitu kikibadilika, nikaondoka kimawazo, na pale 2:10 ile sauti ya filimbi ilipoingia nikarudi", umempa ramani. Anaweza kuamua kufupisha, au kuileta filimbi mapema, au kukuacha uondoke kimawazo makusudi ili filimbi ikuamshe. Uamuzi ni wake na sasa anao wa kuufanya.

Kiswahili kinatufaa sana hapa, na nasikitika tunapokikimbia tukidhani sauti za kompyuta zinahitaji lugha ya kigeni. Sisi tuna sauti kavu na sauti yenye majimaji, nzito, nyembamba, kali, pweke, ya kukwaruza, ya kubanwa pua, inayochoma, iliyojaa tope. Ukimwambia prodyuza yeyote wa hapa, Mganda au Mkongo, kwamba besi yake ina tope, atajua pa kwenda: kuna vitu viwili au vitatu vinagombea nafasi moja. Maneno yanayotakiwa kuogopwa ni yale yasiyoelekeza popote, kama "haina ladha", "bado kidogo", "haijakaa kiprofesheno". Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Kwa kawaida maana yake ni kwamba haifanani na kitu fulani kutoka nje.

Nikae kidogo kwenye besi, kwa sababu ndipo ushauri mwingi mbaya unapotolewa. Ile ngoma ya chini ambayo maprodyuza huiita kiki, na besi yenyewe, mara nyingi hukaa pamoja kati ya hezi 40 na 100. Zikigonga kwa pamoja kwa nguvu ileile, zinamezana na unasikia uvimbe badala ya pigo. Dawa za kawaida ni kuifanya besi iinamie kidogo kila kiki inapoingia, au kuyagawa makazi yao, mmoja akae chini na mwingine apande. Lakini kabla hujasema besi ina kasoro, jiulize umeisikia kwa kutumia nini. Spika ya simu hudhoofika sana chini ya hezi 300 hivi. Ukilalamika kwamba besi imepotea na wewe umesikiliza kwa simu, umelalamikia simu yako. Jiulize pia umesikiliza kwa sauti gani. Fletcher na Munson walilipima hili Marekani mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza za chini kwanza. Anayesikiliza polepole saa sita usiku ili asiwaamshe majirani atataka besi iongezwe, na mwenzake akiiongeza itabomoa kuta Jumamosi.

Hata hivyo simu ni kipimo muhimu katika mji ambao watu wengi wanasikilizia humo, na jibu lipo. Besi ya hezi 55 ikikwaruzwa kidogo huzaa sauti nyingine juu yake: 110, 165, 220, 275, 330, 385, 440. Hizo za juu simu inaziweza, na sikio likizisikia huijazia lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Kwa hiyo badala ya kumwambia "ongeza besi", mwambie "kwenye simu siisikii besi kabisa kuanzia 0:45, ungependa isikike huko pia?" Akisema hapana, hii ni ya klabu tu, mambo yamekwisha. Hapo umetofautisha kosa na kusudi kwa swali moja.

Mfano wa kazi hii ninayoizungumza upo katika muziki wa Buganda wenyewe, tangu zamani. Amadinda ni marimba ya mbao 12, na wapigaji wake ni watatu. Omunazi anaanza, omwawuzi anapenyeza mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake, na mapigo hayo mawili yakisukana huzaa tuni ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu, zile ndogo za mwishoni. Hatungi kitu kipya. Anasikiliza msuko wa wenzake, anaokota zile noti zinazoangukia kwenye mbao mbili za chini kabisa, na kuzirudia juu, oktava mbili juu yake, mahali ambapo kila mtu atazisikia. Asiyejua hudhani ameongeza tuni, kumbe ameitoa ndani. Mimi nikikaa na biti ya mtu siku hizi huwaza mbao zile mbili. Je, ninachotaka kukisema tayari kimo humu na ninakipandisha kisikike, au ninakileta kutoka kwenye biti yangu niliyoshindwa kuimaliza?

Na usiguse kipanya. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu linafanyika kila siku: mtu anaombwa maoni, baada ya dakika tatu amesogeza kiti, ameshika kipanya, anabadilisha sauti za mwenzake huku akisema "ngoja nikuonyeshe". Mwenye kazi anabaki amesimama nyuma kama mgeni. Wanaofanyiwa hivi zaidi ni wasichana. Nimewahi kuona binti anayejua programu yake vizuri kuliko wote chumbani akiondolewa kwenye kiti chake na kijana aliyekuja kusikiliza tu, na watu wanne wakaona ni jambo la kawaida. Ndiyo maana naiheshimu kazi ya DJ Rachael, aliyetangulia wanawake wengi wa Uganda kwenye mashine, na jukwaa lake la Femme Electronic, ambako wanawake wanapata nafasi ya kushika mitambo wenyewe. Ukiwa na la kuonyesha, liseme kwa mdomo na mwenyewe alifanye kwa mkono wake, hata kama atachukua muda mara nne ya wako.

Jambo jingine ni uzito wa neno lako. Kama una umri au jina, kijana wa hapa hatakubishia. Atasema "kale, ssebo", yaani sawa, bwana. Mkongo atakuita "yaya", kaka mkubwa, atatikisa kichwa, na atakwenda kuiharibu kazi yake kwa heshima zote. "Kale" ya Kampala ina upana: inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa nimekusikia, inaweza kuwa tuagane. Usiichukue kama makubaliano. Mwombe akusimulie kwa maneno yake alichokielewa, kisha umuulize wazi ni kipi kati ya hivyo ulivyosema asichokubaliana nacho. Subiri. Mara ya kwanza atasema hakuna. Mwambie lazima kiwepo kimoja. Nimepata kusikia mambo mazuri kabisa baada ya kimya cha namna hiyo, na mengi yalikuwa ni sababu za zile zilizoonekana kasoro.

Mpe mambo mawili, yakizidi sana matatu. Ukimpa kumi na mbili atarekebisha yaliyo rahisi na kuliacha lile moja lililokuwa la maana. Chagua lile ambalo likitengemaa, mengine yatabadilika yenyewe. Naye akuambie, kabla hajaondoka, atakachokigusa kwanza, na ahifadhi toleo lililopo kwa jina lake na tarehe kabla ya kugusa chochote. Hili la mwisho simshauri tu. Nakaa naye mpaka nione amelifanya.

Ukifika wakati ambapo kila mnapokutana unasema jambo jipya dogo kuliko la jana, nyamaza. Biti nyingi hazifi kwa kukosolewa sana siku moja. Zinafia kwenye toleo la 19, mwenyewe akiwa ameshasahau alianza kwa sababu gani, na bado kuna mtu anamwambia kofi lipunguzwe kidogo.

Yule kijana wa kadodi sikumwona muda mrefu. Ulipofika mwaka mwingine wa imbalu alikwenda tena Mbale, safari hii na kinasa sauti cha kuazima, na aliporudi akapita kwangu. Laptopu ileile, mpira uleule. Nikasikiliza mwanzo mpaka mwisho, dakika sita, nikiangalia dirishani kaloli, wale korongo wakubwa wa mjini, wakitua juu ya bati la jirani. Mapigo yalitangulia vilevile. Nikamuuliza lile ambalo nilipaswa kumuuliza mara ya kwanza: huku kutangulia, ni wao, au ni wewe?

Akacheka. "Mzee, hao wako njiani. Kadodi hupigwa watu wakitembea, kijana wa tohara yuko mbele, ngoma ziko nyuma yake. Lazima zisukume."

Nikasema pale 3:50 besi ilinifanya nisahau kwamba wanatembea, na kwamba sikujua kama ndivyo alivyotaka. Akafikiri. Akasema hapana, hakutaka. Akavuta laptopu karibu, na kabla hajagusa kitu akaihifadhi kwanza kwa jina jipya.